Jinsi ya kutumia data za kijeni kuchunguza uhusiano wa mawe ya nyongo na kuziba kwa utumbo

Kwamba jiwe la nyongo linaweza kuziba utumbo si jambo la kubishaniwa. Jiwe kubwa, mara nyingi lenye upana wa sentimita 2 au zaidi, hukaa kwenye kifuko cha nyongo mpaka ukuta wa kifuko uchubuke na kushikana na ukuta wa duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba. Tundu hufunguka kati ya viungo hivyo viwili, jiwe likapita, likasukumwa pamoja na chakula hadi mwisho wa utumbo mwembamba ambako njia ni finyu, likakwama hapo. Mwaka 1941 Leo Rigler alieleza dalili tatu za picha ambazo madaktari wanazitafuta hadi leo: hewa ndani ya mirija ya nyongo, utumbo uliotanuka, na jiwe likionekana mahali lisipostahili kuwa.

Ajali hiyo ni adimu. Mawe ya nyongo wanayo watu wazima kati ya asilimia 10 na 20 katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika, na wengi wao hawajui kama wanayo. Wanaofikia hatua ya jiwe kukwama utumboni hawafiki hata mmoja kati ya mia. Swali linalostahili utafiti basi ni pana zaidi: je, kuwa na mawe kunaongeza hatari ya utumbo kuziba kwa ujumla wake? Na kama kunaongeza, lawama ni ya mawe yenyewe, ya upasuaji wa kuyatoa, au ya mambo mengine yanayofuatana nayo?

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtafiti anayejua rigresheni na aliyewahi kutumia programu ya R. Nitatumia nafasi kubwa kwenye hatua za mwanzo, kwa sababu naamini kazi za aina hii huharibika kabla data hazijapakuliwa, pale mtu anapochagua jina la ugonjwa kwenye orodha bila kutazama kilichomo ndani ya jina hilo. Hesabu zenyewe kompyuta huzimaliza kwa dakika chache.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini unahitaji jeni

Ukichukua majalada ya hospitali na kulinganisha wenye mawe na wasio nayo, huenda ukaona utumbo wa wenye mawe unaziba mara nyingi zaidi. Lakini watu hawa wanatofautiana kwa mengi. Wenye mawe kwa wastani wana umri mkubwa zaidi, uzito mkubwa zaidi, wengi ni wanawake, na wengi wamekwisha kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Halafu mtu aliyelazwa kwa maumivu ya tumbo hupigwa picha, na picha hiyo hufichua mawe yaliyokaa kimya kwa miaka. Hapo ugonjwa wa pili ndio ulioleta utambuzi wa ule wa kwanza, na jalada halitakuambia.

Jeni tunazipata mimba inapotungwa, kila mtoto akipokea nusu kutoka kwa kila mzazi kana kwamba kura imepigwa. Mtu aliyepata aleli (toleo mojawapo la jeni) inayoongeza mawe hakuipata kwa sababu ya mlo wake, kipato chake wala umri wake. Ukilinganisha waliopata aleli hiyo na ambao hawakuipata, unakaribia jaribio la kitabibu ambalo maumbile yamelifanya yenyewe. Martijn Katan alilitoa wazo hili mwaka 1986 katika barua fupi kwenye jarida la Lancet, akizungumzia kolesteroli na saratani, na mwaka 2003 George Davey Smith na Shah Ebrahim wakalijenga kuwa mbinu kamili. Huitwa unasibishaji wa Mendel (Mendelian randomization, au MR).

Mbinu inasimama juu ya masharti matatu. Kwanza, alama ya kijeni (mahali kwenye DNA ambapo watu hutofautiana) iwe kweli inahusiana na mawe. Pili, isihusiane na mambo ya pembeni yanayogusa mawe na utumbo kwa pamoja. Tatu, ikiwa alama hiyo inaathiri utumbo, iuathiri kwa kupitia mawe tu. Sharti la kwanza unaweza kulipima. La pili na la tatu huwezi kuyathibitisha kikamilifu. Unaweza tu kuyatikisa uone kama yanaanguka. Sehemu kubwa ya kazi yako ni huko kutikisa.

Hatua ya 2: Chora njia zote kwenye karatasi

Kabla ya kufungua kompyuta, chora mishale kutoka mawe hadi utumbo. Nijuavyo mimi kuna njia tatu za kweli, na kila moja ina maana tofauti kwa mgonjwa.

Njia ya kwanza ni ile niliyoanza nayo: jiwe linatoboa, linasafiri, linakwama. Ya pili, jiwe linaziba mrija na kuleta mchochota wa ghafla wa kifuko cha nyongo au wa kongosho, na utumbo ulio jirani unapooza kwa siku kadhaa bila kizuizi chochote ndani yake. Ya tatu, mgonjwa anatolewa kifuko, tumbo linapona kwa makovu, na miaka baadaye makovu hayo yanaunganisha vipande vya utumbo na kuukunja. Mishikamano ya makovu baada ya upasuaji ndiyo chanzo cha zaidi ya nusu ya visa vya kuziba kwa utumbo mwembamba katika nchi zenye upasuaji mwingi, kwa hiyo njia ya tatu si ya kupuuzwa. Upasuaji wa matundu madogo huacha makovu machache kuliko ule wa kupasua tumbo wazi, lakini wagonjwa wengi walioko kwenye rejista walipasuliwa zamani.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kwa unasibishaji wa Mendel njia zote tatu ni athari ya mawe. Aleli inayoleta jiwe inaleta pia upasuaji wa jiwe. Jibu utakalopata ni jumla ya njia zote, na mbinu haitakugawia.

Sasa chora mishale ya pembeni. Ugonjwa wa Crohn, mchochota sugu wa utumbo, hushambulia sana mwisho wa utumbo mwembamba, mahali ambapo asidi za nyongo hunyonywa kurudi ini. Eneo hilo likiharibika au likikatwa, nyongo hubadilika na mawe hujijenga. Ugonjwa huohuo hukaza utumbo hadi ukaziba. Hapo kuna chanzo kimoja chenye matokeo mawili. Unene nao huongeza mawe, na kupungua uzito kwa haraka huyaongeza zaidi. Upasuaji wa kupunguza tumbo huleta kupungua huko kwa haraka na pia hatari ya utumbo kujinasa ndani. Mgonjwa asiyeweza kula kwa wiki nyingi na kulishwa kwa mshipa, kifuko chake hakijikamui, na nyongo inayotuama hugeuka matope kisha mawe. Mshale huu unatoka kwenye utumbo kwenda kwenye nyongo, kinyume cha dhana yako.

Karatasi hii itunze. Kila jaribio utakalofanya baadaye litakuwa linajibu mshale mmojawapo.

Hatua ya 3: Fungua msimbo wa ugonjwa na usome kilichomo

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke. Data nyingi za jeni na magonjwa zimejengwa juu ya misimbo ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa. Mawe ya nyongo ni K80. Kuziba kwa utumbo kusikotokana na ngiri ni K56. Watafiti wengi huishia hapo: K80 upande mmoja, K56 upande wa pili.

Fungua K56. K56.0 ni utumbo kupooza. K56.1 ni utumbo kuingia ndani ya utumbo. K56.2 ni utumbo kujisokota. K56.3 ni utumbo kuzibwa na jiwe la nyongo. K56.4 ni vizuizi vingine vya ndani, K56.5 ni mishikamano ya makovu iliyoziba, K56.6 ni kuziba kwingine, na K56.7 ni kupooza au kuziba kusikobainishwa.

Tazama tena K56.3. Tokeo lako limebeba kisababishi chako ndani ya tafsiri yake. Hakuna anayeweza kupata msimbo huo bila kuwa na jiwe la nyongo. Ukikuta uhusiano kati ya alama za mawe na K56 nzima, sehemu yake inaweza kuwa ni kujirudia kwa maana tu, na mhakiki makini atakuuliza swali hilo kwanza. Kwa kuwa visa vya K56.3 ni vichache, huenda haviwezi peke yake kuzaa matokeo yote. Lakini athari unayoitafuta nayo ni ndogo, na visa vichache vilivyofungamana na mawe kwa asilimia mia vina nguvu kubwa kuliko idadi yake.

K56.0 na K56.7 nazo zina utata wao. Utumbo uliopooza baada ya upasuaji wowote wa tumbo unaweza kuandikwa hapo, na kuna rejista zinazotumia K91.3 kwa kuziba kunakofuata upasuaji. Kwa hiyo ni lazima ujue waandaaji wa data walijumuisha nini.

Ushauri wangu: andika mapema matokeo matatu. La kwanza ni K56 yote, kwa sababu ndilo linalopatikana hadharani kwa urahisi. La pili ni K56 bila K56.3. La tatu ni kuziba kwa kimakenika tu, bila kupooza. La pili na la tatu mara nyingi yatahitaji data za mtu mmoja mmoja, yaani maombi rasmi. Kama huwezi kuzipata, utafiti wako bado una thamani, ila lazima uandike waziwazi kwamba tokeo limejumuisha K56.3.

Tazama upande wa mawe pia. Data za hospitali hukamata mawe yaliyouma. Watu wengi walio kundi la wasio na ugonjwa wana mawe kimya ambayo hakuna aliyeyapima. Alama utakazopata ni za mawe yaliyomfikisha mtu kwa daktari, na ndivyo uziite.

Hatua ya 4: Tafuta data

Unahitaji takwimu za muhtasari: kwa kila alama, aleli zake mbili, mara ngapi zinaonekana, ukubwa wa athari, kosa sanifu na thamani ya p. FinnGen, mradi wa Finland wa jeni na magonjwa wenye washiriki wapatao 500,000, huweka matokeo yake wazi. Mawe ya nyongo yako chini ya jina K11_CHOLELITH. UK Biobank, hifadhi ya data za afya na jeni ya Uingereza, ilisajili watu wapatao 500,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 69 kati ya 2006 na 2010, na makundi mbalimbali yamechapisha muhtasari uliotokana nayo. Hifadhi ya OpenGWAS, inayoendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Bristol, imekusanya seti nyingi mahali pamoja.

Usichukue mawe na utumbo kutoka kundi lilelile la watu. Washiriki wakiwa wamoja, makosa ya bahati upande mmoja hufanana na ya upande wa pili, na alama dhaifu huvuta jibu kuelekea uhusiano wa kawaida wa hospitalini, ule uliotaka kuukwepa. Mpangilio safi ni mawe kutoka kundi moja na utumbo kutoka jingine, kisha kugeuza na kurudia.

Hakikisha pia asili ya watu inalingana. Mara ngapi aleli inaonekana, na zipi zinarithiwa pamoja nayo, hutofautiana kati ya Waafrika, Waasia na Wazungu. Data nyingi zilizopo ni za watu wenye asili ya Ulaya, na matokeo yake hayahamishwi kirahisi. Pale seli mundu ilipo nyingi, kwa mfano, mawe mengi hutokana na bilirubini ya chembe nyekundu zilizovunjika, na alama za mawe ya kolesteroli hazitawakilisha hali hiyo.

Kuna mtego mmoja wa kiufundi ambao umeharibu majedwali mengi. Matokeo ya FinnGen kwa magonjwa yako katika kipimo cha logi ya uwezekano (log odds). Baadhi ya matokeo ya UK Biobank yalitokana na rigresheni ya mstari, kana kwamba ugonjwa ni kipimo cha urefu, na namba zake huwa ndogo mno. Ukikutana nayo, gawanya athari na kosa sanifu kwa k(1 − k), ambapo k ni sehemu ya washiriki wenye ugonjwa. Usipofanya hivyo uwiano wa uwezekano (odds ratio) utakaochapisha hautakuwa na maana. Vilevile FinnGen hutumia ramani ya jenomu ya GRCh38 na seti nyingi za zamani hutumia GRCh37. Oanisha kwa namba za rs, utambulisho wa kila alama, wala si kwa mahali kwenye kromosomu.

Hatua ya 5: Chagua alama, na uijue kila moja kwa jina

Utaratibu wa kawaida ni huu: chukua alama zenye p chini ya 5 × 10⁻⁸, kisha punguza zinazorithiwa pamoja hadi ibaki moja kwa kila eneo. Wengi hutumia r² (kipimo cha jinsi alama mbili zinavyorithiwa pamoja) chini ya 0.001 ndani ya kilobesi 10,000, wakirejelea mradi wa 1000 Genomes. Halafu pima nguvu ya kila alama kwa F, ambayo kwa makadirio ni mraba wa athari ukigawanywa kwa mraba wa kosa sanifu. Chini ya 10 ni dhaifu.

Programu itakufanyia hayo yote. Isichoweza kukufanyia ni kuzijua. Mawe ya nyongo yana bahati ya kuwa na baiolojia inayoeleweka, na utafiti wa mapacha wa Sweden ulikadiria kuwa urithi huchangia takriban robo ya tofauti kati ya watu katika kupata mawe yenye dalili.

Alama kuu ni ile iliyotangazwa mwaka 2007 kwenye jeni ya ABCG8, iitwayo D19H, yenye namba rs11887534. ABCG8 na mwenzake ABCG5 hutengeneza pampu inayosukuma kolesteroli kutoka ini kwenda kwenye nyongo. Aleli ya hatari huongeza uwezekano wa mawe karibu mara mbili kwa mtu mwenye nakala moja. Baada yake wako ABCB4, anayepeleka fosfolipidi kwenye nyongo, CYP7A1, anayeanza kazi ya kugeuza kolesteroli kuwa asidi za nyongo, SULT2A1, UGT1A1, anayeshughulikia bilirubini, GCKR, na SERPINA1.

Wagawe kwa makundi. ABCG5 na ABCG8 ni wa kolesteroli ya nyongo. UGT1A1 ni wa bilirubini. Baadaye, kama makundi mawili yenye baiolojia tofauti kabisa yanatoa jibu la aina moja, una sababu nzuri ya kuamini kwamba kinachofanya kazi ni jiwe lenyewe. Jaribio hili la rahisi mimi huliamini kuliko majaribio mengi ya kitakwimu.

Weka alama nyekundu kwa wenye kazi za pembeni. GCKR hugusa mafuta ya damu, sukari na mafuta ya ini. SERPINA1 inahusiana na magonjwa ya mapafu na ini. ABCG8 yenyewe inapopeleka kolesteroli zaidi kwenye nyongo huipunguza kwenye damu, kwa hiyo inagusa moyo na mishipa, na mishipa ya utumbo nayo ni mishipa. Kutaja hatari hizi mapema kunampa msomaji imani zaidi kuliko kusubiri ziulizwe.

Hatua ya 6: Linganisha aleli kabla ya kugusa hesabu

Seti moja inaweza kuripoti athari ya aleli G na nyingine ya aleli A kwa alama ileile. Usipozigeuza zikaelekea upande mmoja, hatari itageuka kinga.

Shida kubwa ni alama ambazo aleli zake ni A na T, au G na C. Herufi hizi hukamilishana kwenye nyuzi mbili za DNA, kwa hiyo huwezi kujua kwa kuzitazama tu kama uzi ni uleule. Watu wengi hufuta alama zote za namna hiyo bila kufikiri. Kwa mawe ya nyongo hilo ni hasara kubwa, kwa sababu rs11887534, alama bora kuliko zote ulizonazo, ni ya G na C.

Suluhisho ni mara ngapi aleli inaonekana. Aleli ya hatari ya D19H ni ya wachache miongoni mwa Wazungu, chini sana ya nusu, hivyo ukiona C ni adimu katika seti zote mbili unajua seti hizo ziko kwenye uzi mmoja. Katika kifurushi cha R kiitwacho TwoSampleMR, tumia harmonise_data ukiweka action = 2, inayotumia kigezo hicho; action = 3 itaifuta. Kisha angalia kwa macho yako mstari wa rs11887534. Ikiwa haumo, jua ni nani aliyeuondoa na kwa nini.

Hatua ya 7: Hesabu

Kwa alama moja, athari ya mawe kwa utumbo ni athari ya alama kwa utumbo ikigawanywa kwa athari yake kwa mawe. Chukua namba za mazoezi nilizozitunga: kwa mawe 0.70 yenye kosa sanifu 0.02, kwa utumbo 0.07 yenye kosa sanifu 0.02. F ni 1,225, yaani nguvu tele. Mgawanyo ni 0.10, na kosa lake sanifu ni 0.02 ÷ 0.70, karibu 0.029. Ukirudisha kutoka kwenye logi unapata uwiano wa 1.11, na masafa ya uhakika ya asilimia 95 kutoka 1.04 hadi 1.17.

Alama zikiwa nyingi, njia ya IVW (inverse-variance weighted) huchukua wastani wa migawanyo hiyo, kila mmoja ukipewa uzito kulingana na usahihi wake. Tumia aina inayoruhusu alama kutofautiana. Kisha ongeza njia zinazovumilia alama mbovu: mediani yenye uzito, MR-Egger, inayochora mstari unaoruhusu njia za pembeni, na MR-PRESSO, inayotafuta na kuondoa alama zilizo mbali na wenzake.

Hapa watu hujifariji bure. Wanaona njia nne zinakubaliana wanadhani wamepata mashahidi wanne. Katika mawe ya nyongo, ABCG8 ni nzito kiasi kwamba inaweza kubeba zaidi ya nusu ya uzito wote. Ikiwa hivyo, mediani yenye uzito ni jibu la ABCG8 kwa jina jingine, na mstari wa MR-Egger unavutwa na nukta hiyohiyo iliyo mbali na wenzake. Shahidi ni mmoja aliyehojiwa mara nne. Andika asilimia ya uzito wa kila alama kwenye jedwali, kisha rudia hesabu bila ABCG8. Masafa yatapanuka, na hilo ni sawa; unachotaka kuona ni kama jibu la katikati linabaki karibu na lilipokuwa.

Hatua ya 8: Jaribu kulivunja jibu lako

Rudi kwenye karatasi ya hatua ya 2.

Anza na tokeo ambalo jibu lake linajulikana: mchochota wa ghafla wa kongosho, K85. Mawe ni miongoni mwa visababishi vyake vikuu. Alama zako zisipoonyesha uhusiano wa wazi na K85, kuna kitu kimeharibika kwenye aleli au kwenye data, na usiendelee mpaka ukipate. Kisha chukua tokeo ambalo mawe hayana sababu ya kuligusa, kama ngiri ya kinena. Ukikuta uhusiano huko, alama zako zina njia ya pembeni usiyoijua.

Kwa unene, tumia unasibishaji wa vigezo vingi, ukiweka mawe na uwiano wa uzito na urefu kwenye modeli moja. Kwa Crohn, tafuta kila alama katika matokeo ya ugonjwa huo na uone kama mojawapo inahusiana nao. Kisha rudia bila alama hizo.

Mwelekeo wa kinyume, kutoka utumbo kwenda kwenye mawe, utakusumbua. Kuziba kwa utumbo ni tukio lenye vyanzo vingi visivyofanana, kwa hiyo alama zake za kijeni zenye nguvu ni chache. Wengine hulegeza kizingiti hadi 5 × 10⁻⁶ ili wapate alama za kutosha. Sipendi njia hiyo. Alama zinazopatikana huwa dhaifu, baadhi ni za bahati tu, na kutoona uhusiano hakuthibitishi kwamba haupo. Kipimo cha Steiger, kinachoangalia kama alama inaeleza mawe zaidi kuliko inavyoeleza utumbo, husaidia kidogo. Ukilazimika kufanya uchambuzi wa kinyume kwa kizingiti kilicholegezwa, uite wa majaribio.

Mwisho, kwenye eneo la ABCG8 fanya uchambuzi wa kolokalaizesheni, unaouliza kama ishara ya mawe na ya utumbo zinatokana na badiliko moja au mabadiliko mawili yaliyo jirani. Visa vya utumbo vikiwa vichache jibu linaweza kukosa nguvu, liripoti hivyohivyo.

Usigawe watu kwa waliotolewa kifuko na ambao hawakutolewa, ukitarajia kutenganisha jiwe na makovu. Inavutia, na kwenye UK Biobank msimbo J18 wa upasuaji wa kifuko (wa orodha ya OPCS-4, si ICD-10) upo. Lakini upasuaji ni matokeo ya jeni zilezile pamoja na uzito, umri na afya ya mtu. Ukichagua watu kwa kigezo hicho unaunganisha jeni na mambo hayo, na kura uliyoitegemea tangu mwanzo imeharibika.

Hatua ya 9: Tafsiri kwa kipimo sahihi

Uwiano wa 1.11 kwenye mfano wangu haumaanishi kwamba mwenye mawe ana hatari iliyozidi kwa asilimia 11. Unahusu ongezeko la kizio kimoja cha logi ya uwezekano wa kupata mawe, yaani uwezekano kuongezeka karibu mara 2.7. Ili msomaji akuelewe, zidisha 0.10 kwa 0.693, upate athari ya uwezekano wa mawe unapoongezeka maradufu: 0.069, sawa na uwiano wa 1.07. Ripoti hiyo.

Ukipata uhusiano, sema kuwa mwelekeo wa kijeni wa kupata mawe yenye dalili unahusiana na kuziba kwa utumbo, na kwamba matokeo yamejumuisha jiwe kukwama, kupooza na makovu. Usiandike kwamba kutoa kifuko kutazuia kuziba. Kama njia ya makovu ndiyo yenye nguvu, upasuaji zaidi utaongeza tatizo, na data hizi haziwezi kuliondoa shaka hilo. Mtu mwenye mawe kimya anaweza kukisoma unachoandika, na anastahili sentensi isiyomsukuma kwenda kupasuliwa bure.

Usipopata uhusiano, hesabu kwanza athari ndogo kabisa ambayo ungeweza kuiona kwa idadi ya visa ulivyonavyo, na uiandike karibu na jibu.

Hatua ya 10: Andika ili mwingine aweze kurudia

Sajili mpango wako hadharani kabla ya kuchambua, ukitaja matokeo matatu ya hatua ya 3 na majaribio ya hatua ya 8. Fuata orodha ya STROBE-MR, ya mambo ya kuripoti katika tafiti za MR, iliyochapishwa mwaka 2021. Weka wazi programu uliyoandika, toleo la kila seti ya data na tarehe uliyoipakua, kwa kuwa FinnGen hutoa matoleo mapya na idadi ya visa hubadilika. Kwenye kiambatisho weka jedwali la alama zote: namba ya rs, jeni iliyo karibu, aleli, athari pande zote mbili, F, asilimia ya uzito, na kama ilifutwa, sababu ya kufutwa. Chini ya jedwali hilo orodhesha misimbo yote ya ICD-10 iliyounda tokeo lako, mmoja baada ya mwingine, K56.3 ikiwemo au ikiwa imetolewa.